Maelezo ya Vyombo Yasiwe Mafumbo

Wengi siku hizi hulalamika ya kuwa akili bandia haina akili. Sisi twauliza: iliambiwa nini?

Wakala wa akili bandia asaidiaye kutengeneza michezo ya kompyuta haoni undani wa chombo alichopewa. Aonacho ni jina la chombo, maelezo yake, na nafasi anazotakiwa kuzijaza. Basi mwenye kuandika “Sogeza kitu” akanyamaza, amemtuma mtu sokoni bila kumwambia anunue nini.

Tazameni jambo la vipimo. Katika injini ya Unreal, kipimo 1 ni sentimeta 1, na mhimili wa Z ndio uendao juu. Katika Unity, kipimo 1 huhesabiwa kuwa meta 1, na Y ndio uendao juu. Wakala akiagizwa ainue mlango meta 2 katika Unreal, naye hakuelezwa kipimo, aweza kuandika 2, na mlango ukapanda sentimeta 2 tu. Hapo fundi hukesha akitafuta kosa lisilo lake.

Neno “futa” latutia hofu zaidi. Je, ni kuondoa mti katika mandhari ya mchezo, au kulifuta faili lenyewe katika diski? Yatupasa tuandike hivi: “Chombo hiki huondoa kitu kimoja katika mandhari iliyofunguliwa, hakigusi faili, jina lisipopatikana, hurudisha ujumbe wa kosa.” Maneno hayo hayajazi mistari mitatu, na ayaandike fundi aliyekitengeneza chombo, si karani asiyekijua.