Nilipouliza Sukari Guru Busia

Kwetu pwani, msomaji mpenzi, mtoto akitumwa dukani kuleta sukari guru, jirani hujua kuna kitu kitamu jikoni. Nilipoiulizia sokoni Busia, hatua chache tu kutoka Uganda, mama mwenye meza aliitazama kofia yangu, akaitazama kanzu, kisha akaninong'oneza: "Mzee, hata wewe unapika?"

Alidhani nataka kupika chang'aa! Huko magharibi wapikaji pombe ni wanunuzi wakubwa wa sukari guru. Nikamweleza habari za kashata na halua. Akacheka, akanipunguzia bei.

Bonge lile limechafuliwa jina bure. Miwa hukamuliwa, maji yake yakachemshwa katika makarai ya wazi na kutiwa chokaa kidogo ili taka ipande juu, ienguliwe. Yakisha kuwa mazito humiminwa katika kalibu, yakaganda. Utamu na weusi wake vyote vimo mle mle.

Sukari ya punje ina safari ndefu zaidi. Mumias, kiwanda kilichoanza kusaga mwaka 1973 na kupokea miwa ya wakulima wa Busia pia, maji ya miwa hupikwa katika chombo kilichofungwa na kupunguzwa hewa, yapate kuchemka kwa moto mdogo yasiungue. Hutiwa chembe za sukari ziwe mbegu, punje zikakua. Kisha uji ule huzungushwa kwa kasi katika pipa lenye vitundu: molasi ikaruka nje, punje zikabaki. Utando wa molasi uliozigandama ndio wekundu tunaouona kikombeni.

Na ile nyeupe pe, ya soda na dawa? Ni hiyo hiyo, iliyoyeyushwa, ikachujwa, ikapikwa upya. Viwanda vingine vya ng'ambo huichujia mkaa wa mifupa ya wanyama. Sisi tunaouliza nyama imechinjwa na nani, hili hatujaliuliza.

Nikashika njia ya Malaba, penye foleni ya malori. Sukari ya Uganda, ya Lugazi na Kakira, imevuka mpaka huu miaka mingi, kwa ushuru na kwa magendo, nyingine ikibadilishwa gunia gizani. Rangi haitakwambia imetoka wapi. Wazee wa Kwale watakumbuka sukari ya Ramisi, kiwanda chetu kilichofungwa 1988. Siku hizo hatukuuliza.

Bonge langu nililifunga gazetini, nikapanda basi la kurudi. Njiani askari mmoja alifungua, akanusa, akanikazia macho: "Mzee, hii ya nini?"

Nikaanza tena habari za kashata na halua.