Kabati la Mabomba katika Gari-Nyumba: Koki Ifikiwe na Kila Mkono

Wazee wetu walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani utaitazama methali hiyo kwa jicho la fundi wa mabomba, na mahali tutakapoitazama ni ndani ya nyumba isiyokuwa na msingi wala kiwanja, yaani gari-nyumba. Pengine msomaji atauliza: mabomba ya gari lililoko Marekani yanamhusu nini askari aliye kambini pamoja na mkewe na watoto wake? Namwomba anivumilie hadi mwisho, kwani niliyoyaona huko yalinifanya nirudi nyumbani na kuitafuta koki kuu ya nyumba yangu mwenyewe, ambayo kwa miaka minne sikujua ilipo.

GARI-NYUMBA NI NINI?

Gari-nyumba ni gari kubwa, mfano wa basi dogo, ambalo ndani yake mna vitanda, jiko, choo na mahali pa kuogea. Nchini Marekani magari haya ni mengi. Kampuni ya Winnebago ya mji wa Forest City, katika jimbo la Iowa, ilianza kuyaunda mwaka 1966, na tangu hapo wastaafu na jamaa wenye watoto wamekuwa wakisafiri nayo nchi nzima.

Gari la namna hii hubeba maji yake lenyewe. Mna tangi la maji safi. Mna tangi la maji yaliyotumika katika sinki na bafu. Na mna tangi la tatu la choo. Mabomba ya matangi hayo, pamoja na pampu, vichujio na koki, hukutana ubavuni mwa gari, katika kabati moja lenye mlango mdogo wa nje. Kabati la gari nitakalolisimulia lilikuwa kubwa kidogo tu kuliko sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni. Humo maji ya kunywa na maji ya choo hupita yakiwa yametengana kwa shubiri moja au mbili. Kwa hiyo mpangilio wa kabati hilo ni jambo la afya ya watu.

MKASA WA USIKU MMOJA

Mwaka 2022 nilipata likizo, nikaenda kumtembelea dada yangu mkubwa anayeishi na mumewe na watoto wao wawili katika mji wa Waltham, karibu na Boston, ambako wenyeji wa Uganda wamekaa kwa wingi. Shemeji yangu alipata kuwa askari kabla ya kuhamia huko. Sasa anafanya kazi ya usiku ya kuwahudumia wazee. Kwa miaka mitatu yeye na mkewe waliweka akiba, wakanunua gari-nyumba kuukuu lililoundwa mwaka 1991, ili wakati wa likizo za shule wawapeleke watoto kuwaona jamaa zao katika majimbo mengine bila ya kulipia hoteli. Dada alishona mapazia na foronya kwa mkono wake.

Gari lilinunuliwa mwezi wa Oktoba, likaachwa uani likiwa na maji ndani ya mabomba. Katika majira ya baridi ya Massachusetts maji huganda yakawa barafu. Yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba lisilo na nafasi ya kutanukia hupasuka. Baridi ilipokwisha, shemeji aliona kiungio kimoja kimepasuka. Akakibadilisha, akafunga mlango wa kabati, akasema kazi imekwisha.

Juma lililofuata, yeye akiwa kazini, dada na watoto walilala ndani ya gari ili kulijaribu. Usiku wa manane kiungio kingine kiliachia. Pampu ya gari hutumia umeme wa betri wa volti 12, nayo huongozwa na presha: presha ikishuka hujiwasha, ikipanda kufikia kiwango chake hujizima. Kwa kuwa bomba lilikuwa wazi, presha haikupanda, na pampu iliendelea kusukuma hadi tangi la lita 150 likaisha lote. Dada alipapasa gizani asiione koki wala swichi, kwani mumewe peke yake ndiye aliyejua zilipo. Magodoro, mapazia na sakafu, vyote vikarowa.

Mimi niliwasili siku ya tatu baada ya mkasa huo. Nilimkuta shemeji ameshika spana, tayari kubadilisha kiungio cha pili. Dada akamwambia mbele yangu, kwa sauti ya upole, "Baba watoto, silali tena humo, wala wanangu hawalali, mpaka nitakapoweza kuyafunga maji hayo kwa mkono wangu mwenyewe."

Shemeji hakumjibu. Aliitazama spana yake kwa muda, kisha akanigeukia, "Mwalimu, vua koti."

TULIANZA KWA KALAMU

Tulikubaliana kwamba hatutaziba tena, bali tutabomoa na kupanga upya. Tulitoa kila kitu kabatini na kukitandaza uani. Hapo ndipo tulipoona jambo lililotutia hofu kuliko mafuriko yenyewe: mpira wa kujazia maji ya kunywa ulikuwa umeviringishwa pamoja na mpira wa kumwagia choo. Ndivyo mwenye gari wa kwanza alivyoviweka, na ndivyo shemeji alivyovipokea. Watoto walikuwa wamekwisha kunywa maji ya mpira ule mara kadha, nasi tukamshukuru Mungu kwamba hawakupata madhara.

Jambo la pili lilikuwa mabomba yenyewe. Yalikuwa ya plastiki ya kijivu iitwayo polibutilini, iliyotumika sana Marekani kati ya mwaka 1978 na 1995. Plastiki hiyo huharibiwa pole pole na klorini inayotiwa katika maji ya mjini, ikawa kavu na kuvunjika. Kubadilisha kiungio kimoja kimoja katika mabomba hayo ni sawa na kutia kiraka katika nguo iliyooza: uzi utashika, nguo itaachia.

Nikachukua karatasi, nikachora njia ya maji kama nilivyokuwa nikichora ubaoni zamani nilipokuwa nikifundisha: yaingiapo, yapitapo, yatokapo. Kabati tuligawa pande mbili kwa ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi na kuzibwa kingo zake kwa silikoni. Kushoto maji safi tu. Kulia maji machafu tu. Kila mpira ukapewa upande wake, na kando ya mpira wa choo tukatundika glavu.

KUFUNGA MABOMBA MAPYA

Mabomba mapya yalikuwa ya plastiki inayopindika iitwayo peksi, mekundu kwa maji ya moto na ya buluu kwa maji ya baridi. Viungio vyake hubanwa kwa pete za shaba na koleo maalumu, kisha kila pete hupimwa kwa kipimo chake ili ijulikane kama imeshika. Gari hutikisika barabarani, kwa hiyo bomba lililoachwa likining'inia hujichosha lenyewe. Tuliyafunga yote kwa vibano, na kila yalipopenya katika bati tulitia pete ya mpira ili ukali wa bati usiyakate.

Pampu tuliiweka juu ya vipande vya mpira ipunguze kelele, na mbele yake tukatia kichujio cha kuzuia takataka. Mahali pa kuingizia maji ya mjini tulifunga kidhibiti cha kushusha presha isizidi ratili 50 kwa inchi ya mraba, na valvu ya njia moja ili maji yakisukumwa na pampu yasitokee nje. Viungio vya umeme tulivipandisha juu kuliko mabomba yote. Gesi ya kupikia hatukuigusa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, na kazi yake ni ya fundi mwenye leseni, akaitwa, akaipima.

Mwisho tulifunga koki kuu mbele kabisa, mahali mkono unapofika mara mlango ufunguliwapo. Swichi ya pampu tuliihamishia kando ya kitanda. Dada mwenyewe aliipaka koki rangi nyekundu.

JARIBIO

Tulijaza tangi, tukafunga bomba zote za sinki na bafu, tukawasha pampu. Ilinguruma, ikanyamaza. Huu ndio mtihani ulio rahisi kuliko yote: pampu ikikaa kimya wakati hakuna anayetumia maji, mabomba ni mazima, ikishtuka tena, maji yanatoka mahali. Baada ya dakika ishirini ikashtuka. Nyuma ya hita tukakuta pete moja ikitoa tone.

Nilitaraji shemeji aibane kidogo tu na kuendelea, kwani jua lilikuwa linazama naye alikuwa na zamu usiku ule. Lakini alilikata bomba, akaanza kiungio kile upya. Safari ya pili pampu ilinyamaza mpaka asubuhi.

Ndipo tukasafisha tangi kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyotiwa manukato: mililita 60 kwa kila lita 57 za maji. Tulifungua kila bomba mpaka harufu ya dawa ikatoka, tukaacha kwa saa 12, kisha tukasuuza mpaka harufu ikaisha. Juu ya mlango wa kabati tukabandika kanuni hizi:

1. Valvu ya tangi la choo ikae imefungwa mpaka tangi likaribie kujaa. Ikiachwa wazi, maji huondoka na uchafu mzito hubaki ukirundikana.

2. Humwagwa kwanza tangi la choo, kisha la sinki, ili maji ya sabuni yasuuze mpira.

3. Hita isiwashwe kamwe ikiwa tupu.

4. Kabla ya baridi maji yote yatolewe, na mabomba yatiwe dawa ya waridi ya kuzuia kuganda iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya maji ya kunywa. Ile ya injini ni sumu.

Usiku wa Ijumaa shemeji alizima taa za gari na kuita, "Maji yanamwagika!" Dada alizima swichi kitandani, akatoka, akafungua mlango wa kabati, akafunga koki. Mtoto mkubwa, mwenye miaka tisa, naye akajaribu, akaweza. Siku ya pili dada alitundika mapazia mapya.

FUNZO KWETU

Ndugu askari na polisi, maisha yetu ni ya uhamisho. Leo upo kambi hii, kesho kutwa unakabidhiwa ufunguo wa nyumba nyingine, ambayo mabomba yake yalifungwa na usiyemjua na kutengenezwa na wengi waliopita. Siku ya kwanza, kabla hujapanga kitanda, uliza: koki kuu iko wapi? Maji safi yanaingilia wapi, na machafu yanatokea wapi? Je, ndoo ya kunywa na ndoo ya kudekia zimetengana? Kisha mwonyeshe mkeo, mwonyeshe na mtoto aliyefikia umri wa kufahamu. Mwenye nyumba yuko lindoni au safarini nyakati nyingi, na bomba halingoji arudi ndipo lipasuke.

Jioni niliyorudi nyumbani, mke wangu aliniuliza natafuta nini nyuma ya nyumba kwa tochi. Koki kuu tuliipata chini ya majani ya maboga, imeshika kutu, haigeuki. Ilituchukua siku mbili kwa mafuta na spana. Sasa yeye huifunga kwa mkono mmoja.