Msimu unaisha lini?

Mikataba mingi ya kukodi mashamba katika bonde la Kilombero huandikwa kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la mtoto wa shule. Ni Septemba, mwenye shamba anadaiwa, na aliyekuja kukodi ana hela ya mpunga aliouza. Maneno ni machache: nimepokea kiasi fulani, kwa shamba la heka tatu, msimu mmoja. Majina mawili, sahihi mbili, basi. Karatasi ya namna hiyo ikifika mbele ya baraza, imekunjwa mara nne na kuloa jasho, ubishi kwa kawaida hauko kwenye hela. Uko kwenye yale maneno mawili ya mwisho.

Msimu ni nini? Kwa mwenye shamba, msimu umekwisha mpunga ukishavunwa, Juni hivi. Kwa aliyekodi, msimu ni mwaka: amelipa Septemba, basi shamba ni lake hadi Septemba nyingine. Katikati hapo udongo bado una unyevu, na unyevu huo ni mali. Aliyekodi anataka kusia choroko au kupanda mahindi mawili matatu. Mwenye shamba naye keshapatana na wafugaji waje kulisha mabua, tena kwa malipo. Ng'ombe wakiingia kwenye choroko changa, jambo la watu wawili linakuwa la watatu, na huyo wa tatu ana fimbo.

Kwa hiyo ukinijia kuuliza mkataba uandikweje, sitaanza na bei. Nitakuuliza tarehe ya kutoka. Andika siku, mwezi na mwaka ambao shamba linarudi kwa mwenyewe, kisha andika nani ana haki ya mabua na kama zao la pili linaruhusiwa. Mistari mitatu tu.

Hata hizo heka tatu zina mushkeli wake. Heka ya kijijini hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Hesabu hiyo si ya kubahatisha: ekari ni mita za mraba 4,047, na hatua ya sentimita 91 ikipigwa mara 70 inakupa upande unaotakiwa, karibu mita 64. Lakini hatua ya nani? Mwenye hatua ya sentimita 75 atakupimia mita za mraba 2,756, yaani theluthi mbili ya ekari na chembe. Aliyekodi heka tatu kwa miguu ya mtu mfupi amelipia heka moja hewa. Kamba ya mita inamaliza ubishi huu kwa asubuhi moja, na majirani wa mpakani wakiwepo siku ya kupima, umeshapata mashahidi bila kuwatafuta.

Kuna patano jingine ambalo haliandikwi kabisa: vunja pori, lima misimu mitatu bila kulipa, halafu tutazungumza. Mtu anafyeka, anang'oa visiki, anatengeneza majaruba. Msimu wa kwanza ukipita, shamba limetakata na anatokea mwingine mwenye hela taslimu. Mwenye shamba ghafla anakumbuka kwamba alisema msimu mmoja. Nionavyo mimi, katika ugomvi wa aina hii aliyevunja pori ndiye mwenye haki mara nyingi, na ndiye asiye na kitu cha kuonyesha. Jasho halina stakabadhi.

Ukimdadisi mwenye shamba kwa nini hakutaka kuandika, hofu yake hujitokeza. Amesikia kijiweni kwamba mtu akikaa kwenye ardhi miaka 12 inakuwa yake. Ndiyo maana akiona mgomba umepandwa pembeni mwa jaruba anapandwa na presha, kwa sababu vijijini kwetu mti wa kudumu ni madai ya umiliki yanayoota majani. Anaona karatasi itamtia nguvu aliyekodi.

Mambo ni kinyume chake. Miaka 12 ni ukomo wa kufungua shauri la kudai ardhi uliyonyang'anywa. Haimgeuzi mpangaji kuwa mmiliki. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba aliyekaribishwa kwenye ardhi kwa ruhusa ya mwenyewe hawezi kuidai kuwa yake kwa sababu tu amekaa muda mrefu. Kinachohitajika ni kuthibitisha kwamba aliingia kwa ruhusa, na ushahidi mzuri wa ruhusa ni ile karatasi aliyoiogopa mwenye shamba. Asiyeandika ndiye anayejivua ngao, hasa siku atakapokufa na kuwaachia watoto waliokuwa mjini muda wote. Kuhusu miti, semeni mapema: hakuna mazao ya kudumu, au yapo na fidia yake ni hii.

Ugomvi ukishawaka, jambo la kwanza ni mazao yaliyo shambani. Usiyafyeke, usiyavune usiku, usiyalimie trekta. Niliyemuona akipoteza kesi nzuri kabisa alikuwa mwenye shamba aliyeingiza pawatila kwenye mpunga wa mwenzake. Alikuja akidai ardhi, akaondoka akidaiwa magunia. Kubalianeni mbele ya mwenyekiti wa kitongoji nani avune, na magunia yahesabiwe yakiwa wazi. Hata kama mavuno yatawekwa stoo hadi shauri liishe, ni afadhali kuliko kuoza jarubani.

Kisha nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Faida yake kubwa haimo kwenye sheria: wajumbe wanaweza kutembea hadi shambani na kuonyeshwa kisiki. Asiyeridhika huenda Baraza la Kata. Hapa wengi wamebaki nyuma. Zamani baraza hilo lilikuwa likiamua kesi za ardhi, lakini marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo; sasa linasuluhisha tu. Likishindwa, linatoa cheti cha kuthibitisha hivyo, nacho ndicho kinachofungua mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, unaweza kwenda wilayani bila cheti. Anayeruka hatua ya kata akakimbilia wilayani moja kwa moja hurudishwa, na msimu mwingine unampita akiwa njiani. Wakili naye haruhusiwi kuwakilisha mtu mbele ya Baraza la Kata, kwa hiyo usiuze mbuzi kumlipa mapema.

Kule wilayani karatasi ya daftari itachunguzwa. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi hadi ushuru na adhabu yake vilipwe, jambo linaloumiza zaidi likigunduliwa siku ya kusikilizwa. Kama ni ardhi ya kijiji na ukodishaji ni wa miaka kadhaa, idhini ya halmashauri ya kijiji itaulizwa pia. Na ataulizwa mama wa nyumba. Mara nyingi mume ndiye aliyepokea hela, lakini anayelima na anayejua mpaka ni mke, na asiposhirikishwa mwanzoni huja barazani akiwa upande wa tatu. Mimi huwaambia wote wawili waweke sahihi, na mtoto mkubwa awe shahidi. Nakala zinakuwa tatu: moja ya mwenye shamba, moja ya aliyekodi, moja inabaki kwenye faili la mtendaji wa kijiji, maana nyumba za makuti huungua na makaratasi yake.