Vigae vya Sakafu ya Bafu

Katika baadhi ya nyumba za Mbulu na Hanang bado utakuta mtungi wa udongo wa kuwekea maji ya kunywa. Ukiugusa mtungi huo kwa nje, utaona kuwa umelowa. Maji yamepenya katika vitundu vidogo sana vya udongo na kufika nje. Hapo hugeuka kuwa mvuke, na yanapogeuka huchukua joto la mtungi. Ndiyo sababu maji ya mtungini huwa ya baridi. Sasa gusa kikombe cha kauri chenye maji. Kwa nje ni kikavu. Mtungi na kikombe vyote ni udongo uliochomwa, lakini kimoja hunywa maji na kingine hakinywi.

Vigae vinavyowekwa katika sakafu ya bafu navyo ni udongo uliochomwa. Mafundi wengi huviita tailizi, na wengine huviita marumaru, ingawa marumaru halisi ni jiwe linalochimbwa ardhini. Vigae vingine hufanana na mtungi, vingine hufanana na kikombe. Dukani vyote hung'aa, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Dongobesh inayojenga bafu ndani ya nyumba. Bafu hilo halina beseni la kuogea wala kizingiti. Maji humwagika sakafuni na kutiririka mpaka kwenye tundu la kutolea maji. Atakayelitumia zaidi ni bibi mwenye umri wa miaka 70. Bibi huyo akiteleza na kuvunjika nyonga, itabidi apelekwe hospitali ya Haydom au mbali zaidi, na mifupa ya mtu mzee huunga polepole. Kwa hiyo kigae cha sakafu hiyo lazima kiwe na sifa mbili: kisinywe maji, na kisiteleze kinapolowa.

Tuanze na sifa ya kwanza. Udongo ukichomwa tanurini kwa joto kubwa, kiasi cha nyuzi 1,200 za sentigredi, baadhi ya chembe zake huyeyuka na kuziba vitundu. Joto likiwa dogo zaidi, au udongo ukiwa wa aina nyingine, vitundu vingi hubaki wazi. Kisha kigae hupakwa juu tabaka jembamba la kioo. Tabaka hilo ndilo linalong'aa. Upande wa chini haupakwi kitu, na maji yanayopita katika mianya baina ya vigae hufika huko huko chini. Vigae vya ukutani huachwa na vitundu vingi ili viwe vyepesi na vishike vizuri. Ukutani havina ubaya. Vikiwekwa sakafuni hunywa maji, na tena havina nguvu ya kutosha kuchukua uzito wa watu na ndoo zilizojaa.

Fanya jaribio hili. Chukua vigae viwili vya aina mbalimbali, vikavu kabisa. Vigeuze, kisha tia matone machache ya maji mgongoni mwa kila kimoja. Hesabu dakika 5. Tone likibaki juu kama lilivyo, kigae hicho hakinywi maji upesi. Likitoweka na kuacha doa jeusi, maji yameingia ndani.

Kama shule yenu ina mizani nzuri, pima pia uzito. Pima kigae kikiwa kikavu, kilaze majini usiku kucha, kifute kwa kitambaa, kisha ukipime tena. Tuseme kigae kikavu kilikuwa na gramu 1,500, na baada ya kulowekwa kina gramu 1,680. Kimekunywa gramu 180, yaani asilimia 12 ya uzito wake. Hicho ni kigae cha ukutani. Kigae cha kauri ngumu chenye uzito ule ule hakipaswi kunywa zaidi ya gramu 7 na nusu, yaani nusu ya asilimia moja. Viwandani vigae huchemshwa majini au hutolewa hewa kwanza, ili maji yaingie katika kila kitundu, lakini jaribio la darasani linatosha kuonyesha tofauti.

Wakazi wa karibu na Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang, wana sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Ziwa hilo ni la chumvi, na linapokauka huacha ukoko mweupe. Jambo kama hilo hutokea ndani ya kigae chenye vitundu maji ya kuogea yakiwa na chumvi nyingi. Maji hukauka, chumvi hubaki na kufanya fuwele, fuwele hukua, na tabaka la juu hubanduka vipande vipande.

Sasa sifa ya pili. Mguu haututelezi kwa sababu ya msuguano kati ya unyayo na sakafu. Maji yakitanda juu ya kigae laini, unyayo huelea juu ya utando mwembamba wa maji na msuguano hupungua. Sabuni huuzidisha utelezi huo. Kigae chenye uso wa kukwaruza kidogo hupenya utando huo na kuugusa unyayo. Vigae vidogo navyo husaidia, kwa kuwa vina mianya mingi ya saruji, na mianya hiyo hushika mguu.

Weka kigae juu ya ubao na ukizuie kwa msumari chini yake. Kimwagie maji ya sabuni. Weka juu yake ndala yenye kipande cha tofali, kisha inua ncha ya ubao polepole. Pima kwa rula kimo cha ncha hiyo pale ndala inapoanza kuteleza. Rudia kwa kigae kingine, kwa kutumia ubao ule ule na ndala ile ile. Kigae kilichofika kimo kikubwa zaidi ndicho kinachomfaa bibi, hata kama si kizuri kwa macho.

Majaribio haya yanatufundisha pia jinsi ya kumchagua muuzaji. Muuzaji mwema hukubali kukuuzia kigae kimoja ukakijaribu nyumbani kabla ya kununua vyote. Anayekataa ana sababu yake. Tafuta katika boksi alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975. Soma kama vigae ni vya sakafu au vya ukuta. Hakikisha namba ya toleo ni moja katika maboksi yote, kwa maana udongo hunywea ukichomwa, na matoleo mawili huweza kutofautiana kimo na rangi. Vigae vingi hutoka mbali, vingine katika viwanda vya Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, na vingine nchi za nje. Gonga kila kigae kwa kidole. Kizima hulia kama kengele, chenye ufa hulia kwa sauti nzito. Patana mapema juu ya vilivyovunjika, na udai risiti.

Bafu la familia yetu lina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5. Kila kigae ni cha sentimita 30 kwa 30. Vinatakiwa vigae 34, na kwa ajili ya kukata na kuvunjika huongezwa sehemu moja ya kumi, jumla 38. Ikiwa boksi lina vigae 17, yanunuliwe maboksi mangapi?

Fundi akimaliza kazi, na saruji ikikauka, mimina kikombe cha maji katika kila pembe ya bafu. Sakafu inapaswa kuteremka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita moja kuelekea kwenye tundu. Maji yakisimama mahali popote, mwite fundi kabla hujamlipa fedha zilizobaki.