Fahamu: Studio ya nyumbani ya mpiga gitaa wa roki
Filamu ya 2025 kuhusu mwanamuziki wa roki Bruce Springsteen imerudisha gumzo la Portastudio, mashine ya kaseti aliyorekodia nyimbo za albamu yake ya 1982, Nebraska, chumbani kwake, New Jersey.

Portastudio ilitoka 1979, ikiwa na njia nne tu za sauti. Tatu zikijaa, unazichanganya na kuzihamishia kwenye ya nne, kisha unarekodi juu ya zile za awali. Ukigundua baadaye gitaa limezidi, imekula kwako. Na kila uhamisho uliongeza mvumo wa kanda.

Leo gitaa huchomekwa kwenye kompyuta kupitia kifaa kidogo, na programu huiga amplifaya, ambayo unaweza kuibadili hata baada ya kurekodi. Unasikiliza kwa hedifoni, majirani wanalala. Kero mpya ni sauti kuchelewa: unapiga uzi, hedifoni zinajibu baadaye kidogo, mdundo unapotea. Dawa ni kupunguza bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata, ingawa kwenye kompyuta dhaifu sauti huanza kukwaruza.