Amnestia inafuta nini, na mbuzi za mama zinabaki wapi?

Leo tuseme juu ya jambo linaloleta ugomvi pale watu wanaporudi vijijini. Kijana aliyekuwa porini na bunduki anarudi. Anasema: «Serikali imenisamehe, hakuna mtu wa kuniuliza kitu.» Jirani yake, mama mjane, anamjibu: «Na mbuzi zangu?» Chefu amekaa katikati, hajui aseme nini. Mnaona? Kijana hakusema uongo, lakini ameelewa nusu tu ya sheria.

Amnestia ni sheria inayopigiwa kura na bunge. Inafuta kosa lenyewe: aliyekuwa anatafutwa hatafutwi tena kwa kosa hilo, na aliyehukumiwa, hukumu yake inahesabiwa kama haikuwapo. Neema ya rais ni kitu kingine. Kwa kipengele cha 87 cha Katiba ya 2006, rais anaweza kuondoa adhabu, kuipunguza au kuibadili. Lakini neema inafungua mlango wa gereza tu. Hukumu inabaki imeandikwa. Ndiyo maana mtu aliyetoka kwa neema anaweza kushangaa, siku anapoomba kazi, kuona jina lake bado limo ndani ya kasie judisieri. Hakudanganywa. Alipewa kitu kingine. (Yule aliyehukumiwa kwa sursi, yaani hukumu iliyosimamishwa, yeye akimaliza muda aliowekewa na jaji, usiopita miaka 5, bila hukumu mpya, ile ya kwanza inakuwa kama haikutamkwa.)

Tuje sasa kwenye sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014, ambayo wengi wanaitaja bila kuisoma. Inahusu matendo ya uasi, matendo ya vita na makosa ya kisiasa yaliyotendwa kati ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 na tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2013. Kila mtu alipaswa kuahidi mwenyewe, kwa maandishi, kwamba hatarudia. Na muda wa kutia sahihi ulikuwa miezi 6, umekwisha zamani. Anayerudia anapoteza msamaha. Vita vilivyoanza tena mwisho wa 2021 havimo. Kwa hiyo, baba chefu, mtu akikuletea neno la amnestia, muulize kwanza tarehe.

Tena sheria hiyo haisamehi ubakaji, mateso, jenosidi, makosa ya vita, makosa dhidi ya ubinadamu, wala kuingiza watoto katika vikundi vya silaha. Dada aliyetendewa hayo asikubali kuambiwa kwamba mambo yamefutwa. Hayakufutwa.

Na mbuzi? Sheria yenyewe inasema wazi kwamba amnestia haigusi malipo ya hasara, wala kurudishwa kwa mali iliyonyang'anywa, iwe mifugo, nyumba au shamba, ama thamani yake. Mama yule hawezi kuomba kijana afungwe kwa kosa lililosamehewa, lakini anaweza kudai mbuzi wake au bei yao, mbele ya wazee wakikubaliana, ama mbele ya tribinali. Mimi naona hiki ndicho kipande bora cha sheria ile, na ndicho tusichosikia watu wakisomewa.

Lakini dai linahitaji ushahidi. Wewe uliye kambini, andika leo: mifugo mingapi, shamba linapakana na nani, nani alikuwapo siku ile. Kama hujui kuandika, mwambie mwanafunzi akuandikie, na mashahidi watie alama ya kidole. Miaka ikipita, mashahidi wanahama, wengine wanakufa.

Neno moja bado. Kuna vijiji ambako mama mzazi wa kijana anazuiwa kuchota maji, au mdogo wake anapigwa, kwa sababu ya mambo ya kaka. Kipengele cha 17 cha Katiba kinakataza: hakuna anayekamatwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mtu mwingine. Mbuzi wanadaiwa kwa aliyewachukua.

Juma lijalo tutasema juu ya mashamba yaliyouzwa wakati wenyewe wamekimbia.