Wakazi wa Vielea vya Baharini

Gogo lililong'olewa na mafuriko na kusukumwa na mto hadi baharini halikai tupu. Baada ya siku chache huvaa utando wa bakteria na miani, kisha wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo huanza kujishikiza. Ndivyo ilivyo pia kwa nazi, boya lililokatika kamba, chupa ya plastiki, hata jiwe jepesi la volkeno lenye matundu. Kwa mnyama anayehitaji mahali pagumu pa kukaa, katikati ya bahari kuu hapana penginepo. Lakini kielea huweza kupinduka, kuoza, kuzama au kutupwa ufukweni wakati wowote, na maumbile mengi ya wakazi wake yanatokana na hatari hiyo.

Mkazi mashuhuri kuliko wote ni lepasi. Kwa magamba yake 5 meupe hudhaniwa kuwa chaza, kumbe ni wa jamii ya kaa na kamba. Huanza maisha akiwa lava anayechukuliwa na maji. Hujibadilisha mara kadhaa hadi hatua ambayo hali chakula kabisa. Kazi yake sasa ni kutafuta pa kutua. Akikipata kielea hutembea juu yake kwa vipapasio, akiupima uso wake, na akiridhika hutoa gundi inayoganda ndani ya maji na kujibandika upande wa kichwa. Hapo hatoki tena. Huota shina laini linalopindika, hivyo mawimbi humyumbisha bila kumbandua, ilhali miguu yake, iliyogeuka kuwa kama manyoya, hunasa viumbe wadogo wanaopita. Hukua upesi mno na huweza kuzaa akiwa na umri wa wiki chache tu, kabla makao hayajazama. Kila lepasi ana viungo vya uzazi vya kiume na vya kike, kwa hiyo jirani yeyote aliye karibu anafaa kuwa mwenzi wake.

Aina moja, Dosima fascicularis, imeshinda hata uhaba wa vielea. Lava wake hutua juu ya unyoya au kipande cha mwani, na mzigo unapokuwa mzito, tezi za gundi hutoa povu linaloganda na kuwa boya lake mwenyewe. Konokono wa zambarau, Janthina, hufanya jambo linalofanana na hilo: kwa mguu wake hufunga hewa ndani ya ute, akaunda chelezo cha mapovu na kuning'inia chini yake. Akitengana nacho huzama, kwa maana hajui kuogelea.

Wengine huishi kwa kutegemea hao waliotangulia. Konokono asiye na gamba aitwaye Fiona pinnata hula lepasi, hukua haraka kama wao, na hutaga mayai papo hapo. Kaa wadogo wa jenasi ya Planes hujificha katikati ya mashina. Miguu yao bapa yenye nywele huwawezesha kutoka kidogo, kukamata windo na kurudi. Vijidudu vya jamii ya kamba kama Jassa na Idotea hubeba mayai katika mfuko ulio tumboni, na watoto hutoka wakiwa na umbo la wazazi. Faida yake ni kubwa: lava anayeachiwa baharini huenda asikione kielea kingine maisha yake yote, bali mtoto wa Jassa huanza kuishi pale pale alipo mama yake, na ukoo mzima husafiri pamoja.

Urefu wa safari hizo ulidhihirika baada ya tsunami iliyoipiga Japani tarehe 11 Machi 2011. Kati ya 2012 na 2017 watafiti walikuta aina 289 za viumbe hai wa Japani juu ya mabaki yaliyofika Hawaii na pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Plastiki ndiyo iliyowafikisha wengi, kwa kuwa haiozi upesi kama mbao.

Wakazi hawa hubeba pia kumbukumbu ya njia waliyopita. Ndege ya Malaysia Airlines MH370 ilipotea Machi 2014. Julai 2015 kipande cha bawa lake kilipatikana kisiwani Réunion kikiwa na lepasi wengi, na Juni 2016 kipande kingine kiliokotwa Pemba. Lepasi wa Réunion walichunguzwa kwa sababu gamba hujengwa tabaka kwa tabaka, na uwiano wa aina za oksijeni katika kila tabaka hufuata joto la maji ya mahali lilipojengwa.